Chupa ya Petroli Safi

Mashine ilikuwa ya mume wangu. Kwa miaka mingi aliivaa begani na kufyeka majani kwenye nyua za watu, hasa upande wa Mikocheni ambako nyumba zina nafasi ya majani kuota, mpaka mgongo ulipomkatalia. Daktari akamkataza kubeba chochote kizito, na hata kuketi chini. Basi mashine ikafungwa shuka kuukuu na kuingia uvunguni mwa kitanda, na mume wangu akahamia kwenye kibaraza cha nyumba tunayopanga hapa Mbagala, akawa anauza mkaa wa kupima na kubishana na wapita njia kuhusu mpira.

Kuihudumia ile mashine ilikuwa kazi yangu tangu zamani. Yeye alirudi amechoka, akaitua, akaenda kuoga. Mie nikaichukua na kukaa nayo uani. Aliyenifundisha ni yeye, lakini yeye hana subira na vitu vidogo vidogo. Mie ninayo. Naweza kukaa na skrubu moja mpaka chai ipoe.

Mdogo wangu alikuja kukaa kwetu alipotoka kifungoni. Alifungwa kwa kesi ya simu za wizi alizokutwa nazo kwenye kibanda chake Manzese. Sitaeleza zaidi ya hapo. Hakimu alieleza, na kifungo alikimaliza. Alikuja na begi la mgongoni lililokuwa karibu tupu, akapewa godoro kwenye chumba cha mbele, akaanza kutafuta kazi. Alikwenda kwenye magereji, akaenda kwa wanaomwaga zege, akaenda kwa wauza mbao. Kila mahali walimwona ana mwili wa kazi, wakamuuliza alikuwa wapi miaka hii, naye akasema ukweli. Kisha waliambizana wenyewe kwa macho, na yeye akaambiwa apite siku nyingine.

Jioni moja nikiwa napepeta mchele alikuja akakaa kwenye kigoda karibu yangu.

"Dada," alisema, "nikikosa cha kufanya huku, nitarudi kule kule Manzese. Wale wenzangu wananijua. Hawaniulizi kitu."

Hakusema kwa hasira wala kwa kutisha. Alisema kama mtu anayekuambia mvua itanyesha. Usiku huo nilimweleza mume wangu, na asubuhi yake, bila mie kuomba, mume wangu aliinama kwa taabu, akaivuta mashine uvunguni.

"Shemeji, hii hapa," alimwambia. "Wateja wangu nitawapigia simu mmoja mmoja. Lakini mashine ilale safi kila siku, kabla hujagusa ugali. Ikifa kwa uzembe wako, usije kunieleza kitu. Mie nayo nimeacha mgongo wangu."

Mdogo wangu alikubali. Mume wangu, kuona mambo yamekuwa mazito sana, akaongeza kwamba Wanyamwezi kama yeye hawana shida na mzigo, kazi yao kubeba tangu enzi za mababu. Mdogo wangu akamjibu kwamba Wazaramo nao hawana shida na kazi, ilimradi ifanywe na mtu mwingine. Wakacheka wote wawili. Ulikuwa utani wao wa siku zote, na nilikuwa sijausikia tangu kabla ya kesi.

Nikaanza kumfundisha. Nataka nieleze hapa nilivyomweleza yeye, kwa sababu bila hivyo hutaelewa kilichokuja kutokea, na si mambo magumu.

Injini ya mashine ya kufyekea ni ndogo na haina mahali pake pa kuwekea oili, kama ilivyo pikipiki au gari. Oili yake inainywa humo humo ndani ya petroli. Kwa hiyo kabla ya kazi unachanganya: chupa kubwa ya maji ya kunywa unaijaza petroli, unatia oili ya injini ndogo kipimo cha kikombe kimoja cha kahawa, vile vikombe visivyo na mkono wanavyotembea navyo wauza kahawa, unaitikisa polepole. Oili hiyo ndiyo inayolainisha pistoni inapopanda na kushuka. Ukitia petroli tupu mashine itawaka, tena itawaka vizuri, na hilo ndilo baya lake. Italia kwa sauti nyembamba ya raha huku ndani chuma kinasaga chuma, na baada ya muda inanoki. Injini ikinoki, imekufa.

Chupa yetu ya mchanganyiko niliifunga utepe mwekundu shingoni ili mtu asiichanganye na nyingine, nikaishonea gauni la kitambaa cha khanga ili jua lisiipige. Ilikaa uani nyuma ya pipa la maji, mbali na jiko. Kila mpangaji alijua ni yetu.

Kisha nilimwonyesha kichujio cha hewa. Ni kipande cha sponji, na vumbi letu la mchanga linakijaza upesi. Unakiosha kwa maji ya sabuni, unakikamua kwa kukibana kwenye kiganja, hukinyongi kama dekio. Unakianika kivulini. Plagi unaifungua na kuitazama uso: ikiwa na rangi ya andazi lililoiva, injini ina afya, ikiwa nyeusi na imelowa, haipumui vizuri, ikiwa nyeupe, inaungua. Kichwani, karibu na kisu, kuna gia zinazotaka grisi. Na jioni, kama hufyeki kesho, unamwaga mafuta yaliyobaki na kuiacha iungurume mpaka izime yenyewe, ili kabureta isigande.

Mwanzo vidole vyake vilikuwa vizito. Aliing'ang'ania plagi kwa nguvu nikaogopa ataikata. Nikamwambia aikaribie kama anavyomfungulia mtoto kifungo cha shati. Akajaribu tena, ikalegea. Niliona bega lake likishuka. Nikamwambia anaweza, na kwa kweli aliweza. Baada ya muda si mrefu alikuwa anaitambua shida ya mashine kwa sauti, jambo ambalo mie lilinichukua miaka. Nilimwambia hivyo mbele ya mume wangu, makusudi.

Zilikuwa siku nzuri. Majani ya masika yalikuwa hayaishi. Wateja wa mume wangu walimpokea kwa sababu mume wangu aliwaomba, wakaendelea naye kwa sababu anafyeka pembezoni mwa ukuta bila kukwaruza rangi. Mama mmoja wa Mikocheni, mjane mwenye kiwanja kikubwa, alimkabidhi bustani yote na kumruhusu apite geti la nyuma. Aliporudi aliitua mashine, akaisafisha, akanawa, ndipo akala. Siku nyingine mie nilichanganya petroli jioni akiwa amechoka. Siku nyingine alichanganya yeye. Hatukuwa na zamu. Aliyewahi ndiye aliyefanya.

Katika nyumba hiyo hiyo, chumba cha mkono wa kushoto, alikuwapo dereva wa bodaboda, kijana mtu wa Lindi, mpole, anayesali vipindi vyote. Yeye ndiye aliyembeba mdogo wangu na mashine yake kwenda kazini alipokuwa hana abiria. Asubuhi moja pikipiki yake iliishiwa mafuta pale pale mlangoni, na alikuwa na abiria anamsubiri. Mdogo wangu aliingia uani, akatoka na ile chupa yenye utepe, akammiminia yote.

Dereva alisema atairudisha.

"Usirudishe, braza," mdogo wangu alimjibu. "Wewe umenibeba mara ngapi?"

Nilikuwa nafagia. Nilimwona anavyorudi na chupa tupu mkononi, amenyoosha shingo. Tangu atoke, ilikuwa mara ya kwanza mtu kumhitaji kwa jambo naye akawa nalo.

Pikipiki kwa mafuta yale ilikwenda ikitoa moshi. Haikudhurika, ni moshi tu wa oili, lakini kijiweni kwao madereva wenzake walimwandama kutwa, wakamuuliza kama siku hizi anakaanga samaki huku anaendesha. Hayo nilikuja kuyajua baadaye, naye mwenyewe ndiye aliyenieleza.

Siku chache zilipita, chupa ikijazwa na kuisha kama kawaida. Jioni moja nilipita nyuma ya pipa nikaona chupa yetu imejaa, imevaa gauni lake, utepe uko shingoni. Nikafurahi moyoni kwamba mdogo wangu amewahi kuchanganya kabla sijamkumbusha. Naye, kama nilivyokuja kuambiwa, aliiona usiku ule ule akafurahi kwamba dada yake amewahi. Hakuna aliyeuliza. Asubuhi aliijaza mashine tangi, akaitia chupa kwenye begi, akaenda Mikocheni.

Alirudi mapema, kwa miguu kutoka kituoni, na mashine yake. Nilimwona tangu kwenye kona, na nilijua kwa jinsi alivyoibeba. Mashine nzima huwa inaning'inia. Ile alikuwa ameikumbatia.

Aliieleza habari akiwa amesimama. Iliwaka vizuri kuliko siku zote, alisema, ikalia vizuri, akafyeka upande mmoja wa bustani. Kisha sauti ikabadilika, ikazama, ikakata. Alipovuta kamba ya kuwashia haikusogea kabisa. Mlinzi wa pale akamwambia mama mwenye nyumba kwamba mashine haifi hivi hivi, lazima kuna kitu kimetolewa ndani kikauzwa, maana huyu bwana historia yake inajulikana. Sijui aliijulia wapi. Mama hakumtukana. Alimwambia tu asihangaike kurudi, atatafuta mtu mwingine wa kumalizia upande uliobaki.

Mume wangu alitoka kibarazani. Aliketi chini uani, kitu ambacho daktari alimkataza, akafungua plagi. Ilikuwa nyeupe kama chaki, na ilikuwa na vipunje vya chuma vinavyong'aa. Akamwaga mafuta yaliyobaki kwenye kibakuli cheupe. Mchanganyiko wetu huwa na rangi, kwa sababu ya oili. Yale yalikuwa safi kama maji.

Alikaa anayatazama.

"Ulichanganya?" aliuliza.

Mdogo wangu alinitazama mimi. Nami nilikuwa namtazama yeye, maana nilijua mimi sikuijaza ile chupa, kwa hiyo ni yeye. Sikuelewa macho yale yalikuwa yananiuliza nini. Kisha akamgeukia mume wangu.

"Nilisahau, shemeji," alisema. "Nilitia petroli, oili nikasahau."

Mume wangu aliurudisha mfuniko wa plagi kama vile mashine bado nzima. Hakufoka. Ningependa angefoka. Alisema, "Nilikwambia usije kunieleza," akajishika kiuno, akainuka kidogo kidogo, akarudi kwenye mkaa wake. Jioni ile hawakutaniana.

Nilijaribu kumtia moyo. Nilimwambia kusahau kunampata kila mtu, na kwamba fundi huenda akaifufua. Kesho yake niliipeleka mwenyewe kwa fundi wa injini ndogo. Aliifungua, akanionyesha silinda ilivyochanika kwa mistari mirefu, akasema vipuri vya mashine za aina ile havipatikani tena. Anayeua moja ananunua nyingine. Mashine nyingine kwetu ilikuwa ndoto. Nilimshukuru, nikaifunga kwenye shuka lake.

Nilipofika nyumbani godoro lilikuwa limekunjwa na begi halipo. Kwenye kamba ya uani alikuwa amefua na kuanika shuka alilolalia.

Dereva wetu wa bodaboda hakuwapo siku hizo zote. Alikuwa amesafiri kwenda Lindi kwenye msiba wa mama yake mkubwa, akakaa huko mpaka arobaini. Aliporudi, nilimpa pole, tukakaa kidogo mlangoni kwake. Akaniuliza mdogo wangu yuko wapi, mbona hamwoni, hata hakumwambia kama ile petroli aliikuta.

Nikamuuliza petroli gani.

"Ile ya kwenye chupa yenu, mama. Nilivyopata simu ya msiba nikasema siwezi kusafiri na kitu cha mtu. Nikaijaza, nikairudisha pale pale nyuma ya pipa."

Nilimuuliza aliijaza nini. Akajibu, kwa sauti ya mtu anayetaka kunitoa wasiwasi, kwamba alikwenda nayo kituo cha mafuta kabisa, hakununua kwa wale wa chupa wa barabarani. Akasita, akainamisha kichwa.

"Nikwambie ukweli, mama. Yale aliyonipa yalikuwa yamechakachuliwa. Pikipiki ilitoa moshi kama imeshika moto. Nikajua kuna mtu kamuuzia mafuta mabovu, na yeye hana habari. Sasa mtu ndio kwanza anaanza maisha, utamwambiaje mbele za watu kwamba ametapeliwa? Nikaona nimwekee safi tu, ninyamaze."

Ndiyo maana niliamua kuyaandika haya, kwa sababu kila nikiyapitia sioni mahali ambapo mtu alikosa adabu. Sote tunayaogopa mafuta ya kuchakachua. Tumeua nayo majenereta na pikipiki. Kijana aliona moshi, akadhani ni utapeli, akamsitiri mwenzake kwa kunyamaza, na akaenda mbali kutafuta kilicho safi. Na mashine yetu haikuhitaji kilicho safi.

Nilimweleza taratibu jinsi injini ile inavyokunywa oili yake. Nilimweleza vizuri, kama nilivyomweleza mdogo wangu, na katikati ya maelezo nikaona ameelewa, nikatamani nisingeendelea. Alijifunika uso kwa kofia yake. Nikamwambia si kosa lake. Nilikuwa namaanisha.

Wakati huo ndipo nami nilipoelewa yale macho. Mdogo wangu alijua hakuijaza ile chupa. Aliamini nimeijaza mimi, nikasahau oili. Na mbele ya sharti la mume wangu, alichagua mashine ife mikononi mwake kuliko ife mikononi mwangu.

Mume wangu nilipomweleza aliacha kupima mkaa, mkono ukiwa bado ndani ya gunia. Kisha akasema nenda kamwite. Mwambie arudi, mwambie nimesema mimi.

Nilikwenda Manzese mchana. Sikuhangaika sana kumpata; alikuwa alikosema atakuwa. Nyuma ya maduka, lori lilikuwa linashusha marobota ya mitumba, na yeye alikuwa mmoja wa wabebaji. Wengine wawili niliwatambua. Walikuwa kwenye benchi moja naye siku ya hukumu, wakaachiwa. Waliniamkia vizuri sana, shikamoo dada, shikamoo, wakampokea robota lake ili aje kwangu.

Alininunulia soda. Tukasimama kwenye kivuli cha ukuta, nikamweleza yote tangu moshi wa pikipiki. Alisikiliza huku anafuta jasho kwa fulana.

"Kwa hiyo haikuwa wewe," alisema.

"Haikuwa mimi."

Alicheka kidogo, akaitazama barabara ya Morogoro mabasi ya mwendokasi yakipita. "Afadhali. Nilikuwa nakuonea huruma, dada. Mtu anayechunga vitu kama wewe, asahau oili."

Nikamwambia shemeji yake amesema arudi. Nikamwambia hakuna anayemlaumu tena, sasa ukweli unajulikana, kijana wa bodaboda yuko tayari kwenda kumweleza hata yule mama wa Mikocheni. Nilizungumza sana. Nilijisikia mwenyewe nikizungumza kwa ile sauti yangu ya kufundishia, hatua kwa hatua, kama kwamba nikilipanga vizuri jambo hili litalegea.

Aliniacha nimalize.

"Nikirudi nitafanya nini?" aliuliza.

Hakuwa ananibishia. Aliuliza ili ajue, na alisubiri jibu kwa heshima, kama alivyosubiri nilipokuwa namwonyesha jambo kwenye mashine. Nilitafuta. Mashine alishaichukua mtu wa vyuma chakavu. Yule mama alishapata mfyekaji mwingine, na wateja waliobaki walikuwa wamesikia ya mlinzi, maana walinzi wa mtaa mmoja hawafichani kitu. Magereji yalikuwa yale yale, na swali lao lile lile. Nilifungua mdomo nikasema tutaona.

"Haya, dada," alisema. "Mwambie shemeji nimesikia, na namshukuru. Mwambie mkaa asibebe mwenyewe."

Mmoja wa wale wawili alimwita kutoka kwenye lori. Alichukua chupa yangu ya soda, akairudisha dukani, akanielekeza pa kuvukia barabara salama ingawa napajua. Kisha akaenda akageuza mgongo kwenye tela, akainama, na wenzake wakamtwika.